Kisu cha Rubani: Akufaaye kwa Dhiki

Msomaji mpenzi, ukienda sokoni kununua kisu, watazama nini? Wengine huvutwa na mng'aro wa bapa. Wengine hupenda mpini wenye rangi nzuri. Lakini mama aliyezoea kazi za jikoni, au mzee aliyezoea kuchinja, hadanganyiki upesi. Hukishika kisu, hukipima mkononi, hupitisha kidole gumba pole pole juu ya makali, kisha hutazama sana pale bapa linapoingia ndani ya mpini. Ajua kwamba kisu kibovu huvunjikia hapo.

Leo twataka kuwaeleza habari za watu ambao kwao kuchagua kisu ni jambo la kufa na kupona. Hao ni marubani na wenzao warukao katika ndege za vita.

Labda utauliza: Mtu mwenye mizinga na mabomu, kisu chamfaa nini? Je, atapigana nacho? Hapana. Kisu cha rubani si silaha ya kupigania. Kazi yake huanza baada ya ndege kuharibika, wakati yule mtu aliyekuwa na mashine ya thamani kubwa anapobaki peke yake, porini au baharini, hana kitu ila nguo alizovaa na vitu alivyofungiwa mwilini. Saa hiyo ndiyo ipimayo kisu. Basi na sisi tukipime kwa saa hiyo.

MTU MMOJA KATIKA BARIDI

Hebu sikilizeni mambo yaliyompata Leon Crane, luteni wa jeshi la Marekani, aliyekuwa na umri wa miaka 24. Tarehe 21 Desemba, 1943, yeye na wenzake wanne walipanda ndege kubwa ya kutupa mabomu, aina ya B-24, wakaruka kutoka uwanja wa Ladd Field, karibu na mji wa Fairbanks, katika nchi ya Alaska. Kazi yao siku ile ilikuwa kuijaribu ndege. Walipokuwa juu sana injini moja iliharibika, na ndege ikaanza kuanguka huku ikizunguka kama pia. Crane akaruka kwa mwavuli. Katika wenzake wanne hakuna aliyerudi kwao akiwa hai.

Alaska wakati wa Desemba ni nchi ya theluji tupu, na baridi yake huweza kufika nyuzi 40 chini ya sifuri. Crane aliruka kwa haraka hata akaziacha glavu zake ndani ya ndege. Alipotua, akapapasa mifukoni. Alikuwa na viberiti vichache, na kisu kidogo cha kukunja, kama wanachotumia maskauti. Alikuwa na barua ya baba yake. Tena alikuwa na mwavuli wake. Basi, hayo yalikuwa mali yake yote.

Barua ya baba ikawa karatasi ya kuwashia moto. Kitambaa cha mwavuli kikawa blanketi. Kisu kikawa cha kukatia kila kilichohitaji kukatwa. Alijaribu kuwinda kindi, asifanikiwe. Kwa muda wa zaidi ya juma zima hakula kitu, alikunywa maji ya mto tu. Alipoona hakuna ndege inayokuja kumtafuta, akaufuata mto, na kwa bahati akakuta kibanda cha mtu mmoja mtega wanyama, nacho kimewekwa akiba ya chakula na glavu. Akakaa hapo hata akapata nguvu, kisha akaendelea na safari. Alifika kwa watu mwezi wa Machi, 1944, baada ya zaidi ya siku 80.

Kisu kile cha Crane hakikuwa kisu cha sifa. Hakuna fundi ambaye angekisifu kuwa ndicho hasa kimfaacho rubani. Lakini kilikuwa na fadhili moja iliyovishinda visu vyote vizuri vya dunia: kilikuwa mfukoni mwake. Vitu vingine vyote alivyokuwa navyo, hata vile bora zaidi, viliteketea pamoja na ndege.

KIWE MWILINI

Basi hiyo ndiyo sheria ya kwanza. Kisu cha rubani hakina budi kuwa mwilini mwake, wala si ndani ya sanduku, wala si nyuma ya kiti. Ndege ikianza kuanguka hakuna nafasi ya kutafuta vitu.

Tena si kuwa mwilini tu, hapana budi kifungwe kwa nguvu. Ndege za vita za tangu vita vya pili vya dunia zimetiwa kiti kinachomrusha rubani nje. Mtu wa kwanza kujiokoa kwa kiti cha namna hiyo alikuwa Mjerumani, Helmut Schenk, tarehe 13 Januari, 1942, na kiti chake kilirushwa kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa. Baadaye viti vikatiwa baruti. Fikiri, msomaji, mtu arushwaye kwa baruti katika upepo wa ndege iendayo mbio kupita gari lo lote. Upepo ule waweza kumvunja mkono. Je, kisu kilichochomekwa ovyo kiunoni kitabaki? Ndiyo maana ala ya kisu cha rubani hushonwa juu ya nguo zake au hufungwa mguuni, ina mkanda wa kukibana kisu, na mara nyingi kisu chenyewe kina kigwe cha kukifungia kisipotee kikimponyoka.

Kwa sababu hiyo hiyo, kisu kisiwe kirefu mno. Chumba cha rubani ni chembamba, kimejaa mikanda na mipini. Kitu kirefu hunasa. Kisu walichoanza kupewa marubani wa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 kilikuwa na bapa la inchi 6, na baada ya muda likafupishwa likawa inchi 5, yaani karibu sentimeta 13. Ni urefu ambao mama ye yote ataujua: si kisu cha kumenyea viazi, wala si panga, bali ni cha katikati.

MKONO MMOJA WATOSHA

Sheria ya pili ni hii: kisu kiweze kutumika kwa mkono mmoja. Tumesema kwamba upepo huweza kumvunja rubani mkono. Tena huenda mikono yake imekufa ganzi kwa baridi au imeungua kwa moto. Pengine mwavuli umenasa mtini, naye ananing'inia juu, mkono mmoja umeshika kamba. Kisu cha kukunja kinachotaka kufunguliwa kwa mikono miwili, na kwa ukucha, kitamfaa nini?

Kwa ajili hiyo Wamarekani walitengeneza kisu kidogo walichokiita MC-1, chenye mpini wa rangi ya chungwa. Kilikuwa na mabapa mawili. La kwanza hufunguka lenyewe kwa kubonyeza kifungo. La pili ni kama mundu mdogo sana: limepinda kama ndoana na makali yake yako upande wa ndani.

Kwa nini mundu? Kwa sababu mbili. Kwanza, mtu mwenye hofu, anayeyumba hewani, akikata kamba kwa kisu chenye ncha kali, ni rahisi kujichoma tumbo au paja. Mundu huo hauna ncha ya kuchoma. Huupenyeza chini ya kamba, ukavuta, basi. Pili, ule mwavuli wa mviringo wa zamani hupeperuka ovyo na kuyumba huku na huku. Marubani wa Marekani walifundishwa kukata kamba nne za nyuma. Hapo kitambaa huinuka upande ule, hewa hutoka kwa nyuma, na mwavuli huanza kwenda mbele na kumtii kidogo mwenyewe, aweze kukwepa mti au jabali. Kumbe kisu huanza kazi hata kabla rubani hajakanyaga chini!

MENO YALE MGONGONI

Sasa turudi kwa kile kisu cha bapa la inchi 5. Ukiona picha yake utashangaa kuona mgongo wake una meno kama msumeno. Watu wengi hudhani ni msumeno wa kukatia kuni. Wakijaribu huchoka bure, maana meno yale huziba unga wa mti upesi, wala hayaendi mbele.

Hayo meno hayakutengenezwa kwa ajili ya mti. Yalitengenezwa kwa ajili ya ndege yenyewe. Ngozi ya ndege nyingi ni bati jembamba la alumini, namna ya madini tunayopikia katika sufuria zetu, ingawa ya ndege imechanganywa na madini mengine ili iwe ngumu zaidi. Ndege ikianguka na milango ikakwama, mtu aliye ndani aweza kutoboa bati lile kwa ncha, kisha akalirarua kwa meno hayo mpaka apate tundu la kutokea. Na kitako cha mpini ni kipande kizito cha chuma, kinachotumika kama nyundo. Hicho ni cha kuvunjia kioo, na baadaye, akiisha kutoka, ni cha kupigilia mambo ya kibanda chake.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jeshi la Marekani likataka kisu kipya, hasa kwa ajili ya watu warukao kwa helikopta. Katika helikopta watu hawarushwi nje kwa kiti. Ikianguka huanguka nao, wamefungwa mikanda. Basi kisu kipya kikatakiwa kikate mikanda, kitoboe bati, kivunje kile kioo cha plastiki ambacho ni kigumu kuliko kioo cha dirisha, na mpini wake usipitishe umeme. Kwa nini umeme? Kwa sababu ndani ya kuta za ndege mna nyaya nyingi. Mtu akatapo ukuta gizani aweza kukata waya wenye moto, akafa kwa umeme baada ya kuokoka katika ajali. Visu vya kampuni mbili, Ontario na Gerber, vilitengenezwa kwa kazi hiyo.

BAHARINI NI HABARI NYINGINE

Lakini si kila rubani huanguka nchi kavu. Marubani wa Uingereza katika vita vya pili vya dunia waliruka sana juu ya bahari, nao wakapewa mtumbwi mdogo wa mpira unaojazwa hewa. Sasa fikiri: mtu amelowa maji, anatetemeka, yumo ndani ya mtumbwi wa mpira katika mawimbi, na mkononi ana kisu chenye ncha kali kama sindano. Kuteleza mara moja tu kwatosha! Kisu cha kumwokoa ndicho kitakachomzamisha.

Kwa hiyo kisu cha mtumbwi kilitengenezwa bila ncha. Mwisho wake ni wa mviringo, na mpini wake ni mwepesi, ili kikianguka majini kielee. Wala tusidhani kwamba ncha haikuwa na kazi. Ilitokea pengine mtumbwi ukajaa hewa wenyewe rubani akiwa bado anaruka, ukafura katika chumba kile chembamba na kumsukumia kwenye usukani. Kwa hatari hiyo marubani wengine walichukua kisu chenye ncha, ili wautoboe mara moja.

Waona basi, msomaji, kwamba hakuna kisu kimoja kilicho bora kwa kila mahali. Hata mkulima hapalilii mahindi kwa shoka.

CHUMA, MSUKA NA MPINI

Hapa ninyi mnaokaa na wahunzi mwaelewa vema kuliko watu wa mjini. Chuma kikitiwa matiko kupita kiasi hupata makali sana, lakini hukatika kama kigae. Kikiwa laini hupinda, na makali hufa upesi. Kisu cha rubani hukaa katikati, tena afadhali kielekee upande wa kutovunjika, maana makali yaliyokufa yaweza kunolewa, bali bapa lililovunjika porini halina dawa. Ndiyo sababu katika ala ya kile kisu cha Marekani mna mfuko mdogo wenye kinoo. Wazee walisema, "Kinolewacho hupata."

Chuma chake ni kile cha kawaida chenye kaboni, kisicho cha kung'aa. Ni rahisi kunoa hata juu ya jiwe la mtoni, lakini hushika kutu, hivyo kilipakwa dawa ya rangi ya kijivu. Rangi hiyo ina kazi nyingine pia. Rubani aliyeanguka katika nchi ya adui hujificha, na kisu king'aacho juani humwonyesha kwa mbali. Mwezi wa Juni, 1995, rubani wa Marekani aitwaye Scott O'Grady aliangushwa katika nchi ya Bosnia, akajificha siku 6, akila majani na sisimizi na kunywa maji ya mvua, huku askari wakimtafuta karibu naye, mpaka wenzake walipokuja kumchukua kwa helikopta. Katika hali kama hiyo mtu hataki kitu kinachometameta.

Na msuka je? Msuka, yaani ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, uwe mrefu, ufike hata mwisho wa mpini. Mwaka 1982 ilitoka sinema iitwayo First Blood, ya mtu aitwaye Rambo, na ndani yake mlikuwa na kisu kikubwa chenye mpini wa bomba tupu, uliotiwa vitu vidogo vidogo. Vijana wa nchi nyingi wakakipenda, na viwanda vikatoa visu vya kuiga kwa maelfu. Vingi vya hivyo vya kuiga havikuwa na msuka wa maana. Bapa lilishikwa na skrubu tu. Ukikipiga juu ya mti, bapa hubaki mtini nawe wabaki na bomba. Ni kisu cha kutazamwa. Mhunzi wa kijijini asingekubali kuuza kitu cha namna hiyo kwa majirani zake.

Mpini wa kile kisu cha Marekani ulikuwa wa ngozi, vipande vingi vya mviringo vilivyopangwa katika msuka na kushindiliwa. Ngozi haitelezi sana mkononi, wala haichomi kwa baridi kama chuma. Lakini katika nchi za mvua nyingi ngozi huoza na kuota ukungu isipotunzwa. Ndiyo maana mipini ya siku hizi mara nyingi ni ya plastiki ngumu au ya mpira.

NA PANGA?

Wapo waliotaka kitu kikubwa zaidi. Katika vita vya pili vya dunia marubani wa Marekani waliotumwa kuruka juu ya misitu walitiwa, katika mzigo mdogo wa mwavuli, panga la kukunja, maana panga zima lisingeenea. Nao Warusi walijifunza kwa taabu. Tarehe 19 Machi, 1965, maofisa wawili wa jeshi lao la anga, Pavel Belyayev na Alexei Leonov, walirudi kutoka safari ya juu ya anga za mbali, lakini chombo chao kikatua mbali sana na mahali palipokusudiwa, ndani ya msitu wenye theluji nyingi. Wakalala huko mausiku mawili, wakijua kwamba ni msitu wa mbwa-mwitu na dubu. Baadaye Warusi wakatengeneza bunduki ya mitutu mitatu kwa ajili ya watu wao waendao huko juu, na kitako chake kikiondolewa huwa panga. Ilianza kuchukuliwa katika safari mwaka 1986.

KAZI HASA NI IPI?

Mwisho, tujiulize: mtu akiisha kutua salama, kisu chamfanyia nini? Kazi zenyewe mnazijua. Ni kukata kitambaa cha mwavuli apate cha kujifunika na cha kufungia jeraha. Ni kukata kamba za mwavuli afungie fito za kibanda. Ni kupasua kijiti kilicholowa nje apate ubao mkavu wa ndani, na kuuchonga vipande vyembamba vishike moto. Ni kuchuna mnyama mdogo au kupasua samaki. Katika kazi hizo zote makali madogo yaliyonolewa vizuri yashinda bapa kubwa butu.

Hata mkuki, ni afadhali mtu achonge ncha ya fimbo kwa kisu, kuliko kukifunga kisu penyewe katika fimbo na kukirusha. Fimbo ikipotea utachonga nyingine. Kisu kikipotea, umekwisha.

Tena kisu hakimwokoi mtu peke yake. O'Grady aliokolewa kwa sababu redio yake ndogo ilisikiwa. Crane aliokolewa na moto, na mwavuli, na chakula kilichowekwa akiba na mtu asiyemjua, na miguu yake mwenyewe. Kisu ni mtumishi wa hayo yote. Kwa hiyo majeshi hayampi rubani kisu tu na kumwacha. Humpeleka porini kwanza, akajifunza kuwasha moto na kujenga kibanda, ili siku ya shida isiwe siku yake ya kwanza ya kujifunza.

Basi, msomaji mpenzi, pengine hutapanda ndege ya vita maisha yako yote. Lakini u mtu wa kisu kila siku. Utakapokwenda tena sokoni, uulize maswali ya rubani: Je, msuka wafika wapi? Je, nitaweza kukishika mkono ukiwa na maji au damu? Je, naweza kukinoa mimi mwenyewe nyumbani? Je, kina ala, watoto wasije wakajikata? Na kiisha kununuliwa, kinoe kabla ya kazi, kikaushe baada ya kazi, kiweke mahali pamoja kila siku, ili hata usiku wa giza, akiitwa mtu kusaidia ng'ombe aliyenaswa na kamba shingoni, mkono wako ukifikie bila kutafuta.

Wahenga walisema, "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki." Chagueni visu vyenu kama mchaguavyo marafiki.